Shangazi wa Mlimani anajibu: njiwa wa jirani, kinyonga kwenye kamba ya nguo na mume aliyeoa drafti

Haya jamani, barua za mwezi huu zimenijaa mpaka nyingine nimezitia kwenye kikapu cha mboga, mkiona karatasi yenu ina harufu ya kabichi msinune. Kwa mgeni wa safu hii, mi nakaa Lushoto, mji mdogo juu kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, mita kama 1,400 toka usawa wa bahari, ukitoka Dar unashuka Mombo afu unapanda kosta inazunguka kona mpaka tumbo linauliza limekosea nini, ukiona maporomoko ya Soni ujue umebakiza kidogo, vumilia. Wajerumani walipajenga wakapaita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, yule mfalme wao. Sisi tunapaita nyumbani. Basi tuanze.

Shikamoo Shangazi. Mi ni mwalimu, nina miaka 26, nimezaliwa Temeke nimekulia Temeke, tangu Januari nimepangiwa shule huku Lushoto. Shangazi nimechoka. Saa mbili usiku mji umelala, hakuna bichi hakuna muziki wa maana, wikiendi nalala mpaka kichwa kinauma. Na watu wa huku wanajua kila kitu, juzi nimenunua mkate dukani, nafika nyumbani mwenye nyumba ananiuliza mbona leo umechukua mkubwa, una mgeni? Hivi watu wa huku wanafanyaga nini na maisha yao jamani?
*Mwalimu wa Temeke*

Marahaba mwanangu. Tuanze na mkate maana naona ndo uliokuuma. Mwenye nyumba hakukuuliza kwa ubaya, kakuuliza kwa sababu mtu anayenunua mkate mdogo kila siku akichukua mkubwa hiyo ni habari, na huku habari ni chache, tunagawana. Ungemjibu tu "nina njaa mama" mngecheka ikaisha. We ukanyamaza ukaingia ndani, basi sa hizi mtaa mzima unajua mwalimu ana mgeni, na mi huku nimeshaulizwa ni mchumba au ni dada.

Halafu unasema saa mbili mji umelala. Mji haujalala mwanangu, we ndo umefunga mlango. Siku moja toka usiku uende kule malori yanakopakia mboga, kabichi, karoti, viazi, nyanya, vinapakiwa gizani vishuke Dar vikafike alfajiri, pana kelele na matusi na chai ya tangawizi na watu wanabishana mpira mpaka basi. Hiyo kachumbari uliyokula Temeke miaka yote hujawahi kujiuliza imelala wapi?

Sasa ya kufanya. Siku ya gulio usilale, shuka na kikapu hata kama huna cha kununua. Watu wa vijijini wanakuja na peasi, pichesi, plamu, ndizi, wamama wana vikapu vyao kichwani, na gulio la huku nusu ni biashara nusu ni kuonana. Ndo mahali pa kujua nani kazaa nani kahama. Na jifunze salamu za Kisambaa, lugha ya huku, asubuhi mwambie bibi "onga maundo" uone atakavyokushika mkono asikuachie. Bei ya peasi inashuka hapo hapo, nakwambia.

Jumapili mchana panda Irente kwa miguu. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa mtu asiye na haraka, unapita kwenye mashamba, watoto watakuita mwalimu tangu mbali, ukifika ukingoni ardhi inakatika tu, chini kabisa unaona Mazinde na mashamba ya mkonge yamepangwa mistari na barabara kuu malori yanatambaa kama siafu. Mi nimepaona mara sijui ngapi na bado nikifika nashika jiwe.

Mechi ya Simba na Yanga usiangalie kwenye simu peke yako chumbani kama mtu mwenye madeni. Nenda banda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea mpira. Utalipa kidogo, utakaa kwenye benchi la mbao na goti la mtu mgongoni, umeme ukikatika dakika ya 80 utajua Kisambaa chote cha hasira kwa siku moja. Yanga ya 1935, Simba ya 1936, ugomvi una miaka karibu 90 na huku milimani unapiganwa kama ulianza jana.

Lakini kama ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekupeleka kwenye bao. Vijana wengi wameenda drafti, bao tunaloliona hapa limebaki kwa wazee wachache, na mi naona ni hasara kwa sababu drafti unaweza ukacheza huku unawaza mambo mengine, bao huwezi. Mashimo 32, safu nne za manane manane, safu mbili zako mbili za mwenzio, kete 64 kila mtu 32. Mnaanza na kete 22 mkononi, sita zimekaa kwenye nyumba, ile shimo ya mraba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani yake. Kwanza mnacheza namua, unaingiza kete moja moja toka mkononi, zikiisha ndo mnaingia mtaji, hatua ya pili ya mchezo, na hapo ndo wanaume wanaanza kuvua kofia. Kete zenyewe ni komwe, mbegu za mkomwe, zile za kijivu zinang'aa, zikichezwa miaka zinakuwa laini kama shanga. Nenda kaa pembeni, usiseme kitu. Usimwonyeshe mzee shimo, hata ukiona anakosea, hasa ukiona anakosea. Kaa kimya siku tatu, ya nne mmoja atasogea kwenye benchi akuachie nafasi bila kukutazama, na hapo tena hutaniandikia.

Shangazi, Juni imeingia na baridi ya mwaka huu sijawahi kuiona. Nimepanga chumba kimoja, dirisha dogo. Nataka usiku niwe naingiza jiko la mkaa likiwa limeshawaka vizuri halina moshi, nalala nalo. Kuna ubaya?
*Mpangaji karibu na stendi*

Upo, tena wa kufa. Usilale na jiko la mkaa. Na hilo la "halina moshi" ndo linalowadanganya watu, maana hewa inayoua kwenye mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Unasikia kichwa kizito, usingizi mtamu, basi. Mkaa uliokolea vizuri unaitoa vile vile. Chumba kimoja na dirisha dogo na kitambaa umeziba chini ya mlango baridi isiingie, nakujua, hapo umejifungia mwenyewe.

Jiko liwashe nje, chemsha maji, jaza kwenye chupa ngumu funga kizibo sawasawa, ivalishe soksi, itie kitandani nusu saa kabla hujalala. Oga saa kumi jua likiwepo usisubiri usiku kuonyesha ushujaa. Na mitumba ya huku kwetu mablanketi mazito yapo, chagua lile baya kuliko yote kwa rangi, hilo ndo linalokuwa zito.

Shangazi shikamoo. Nafuga njiwa, nilianza na jozi mbili sasa ninazo kumi na moja. Sinywi, sivuti, starehe yangu nikitoka shamba nakaa kwenye kigoda nawaangalia wakizunguka, basi. Jirani yangu tangu mwezi wa tatu kaninunia, hanisalimii, na juzi nimemuona kwa macho yangu anawarushia mawe. Nimshitaki kwa mwenyekiti wa mtaa?
*Mfugaji wa njiwa*

Kwako Shangazi. Mimi ni mama mtu mzima na si mgomvi. Nakinga maji ya mvua kwenye bati, yanaingia tanki, tunakunywa tunapikia. Jirani yangu kafuga njiwa wasio na idadi, kwake hawakai, mchana kutwa wako juu ya paa langu. Juzi nimefungua bomba la tanki nimekinga unyoya. Nishauri kabla sijafanya kitu kibaya.
*Mama wa tanki*

Hahaha, jamani. Barua zimefika wiki moja, bahasha zimenunuliwa duka moja, na mi nyumba zote mbili nazijua, ila sisemi. Nawajibu pamoja maana mngeongea wenyewe kwenye ua msingeniletea mimi.

Mfugaji, usimshitaki mtu, mama ana haki. Mavi ya njiwa kwenye maji ya kunywa si utani, yanaleta magonjwa ya tumbo na mengine zaidi. Swali la kujiuliza ni kwa nini njiwa wako wanakaa kwake. Nabashiri unawalisha asubuhi tu kabla hujaenda shamba, na nyumba yao umeiweka chini upande wa kivuli, ambako jua la asubuhi haligusi. Sasa huku kwetu na baridi hii njiwa anafuata jua, na bati la mama linaelekea mashariki. Inua nyumba yao juu ya nguzo, mlango uelekee jua, lisha jioni nyumbani kwako, mtama au chenga za mahindi, kidogo kidogo lakini saa ile ile kila siku, njiwa anajua saa kuliko sisi. Ukiwahamishia nyumba mpya wafungie ndani wiki tatu nne hivi wazoee ndo uwaachie, la sivyo watarudi kule kule. Na punguza. Njiwa anataga mayai mawili, anaatamia siku kama 18, makinda yakifika mwezi yanatoka, hayajamaliza kutoka mama kashataga tena. Jozi kumi na moja mwakani utakuwa na wingu. Uza, au kula, supu yake kwenye baridi hii mi nakuja na bakuli langu.

Na wewe mama. Mawe acha, unatoboa bati lako mwenyewe. Hata njiwa wakihama wote leo bado kuna kunguru na majani na vumbi, kwahiyo mvua ikianza usikinge maji ya mwanzo, geuza bomba yamwagike chini kwanza mpaka paa lioshwe ndo urudishe kwenye tanki. Weka wavu kwenye mdomo wa tanki. Ya kunywa chemsha, hata kabla ya njiwa ulitakiwa uwe unachemsha, samahani lakini ndo hivyo. Afu mpe mwenzio salamu. Alivyoandika barua yake hajui kosa lake, anafikiri unamchukia yeye.

Shangazi, mi napenda maua, nayapanda kwenye makopo ya rangi na ndoo mbovu. Kuna moja dogo la zambarau majani yake manene yana vinyweleo, nimelipata kwa rafiki. Mtalii mmoja alipita akaliona dirishani akasema hili ua ni la kwenu, limetoka milima hii hii, kwao kila bibi analo. Ni kweli au ananifurahisha? Na kwa nini la kwangu linakufa majani yanapata madoa?
*Mama Maua*

Hakukudanganya. Mwaka 1892 kulikuwa na Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya kule Tanga enzi zao, akaliona hili ua huku Usambara akatuma Ujerumani kwa baba yake ambaye alikuwa mpenzi wa maua kama wewe. Mwaka uliofuata, 1893, mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia ionantha, la Saint Paul yule yule. Toka hapo likaingia kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, likazalishwa likawa la pinki, jeupe, lenye marinda, kila aina. Babu zetu walilipita njiani kwenye mwamba wenye kivuli wakienda zao kuni, hakuna aliyewaza kuliita kwa jina la baba yake. Siku hizi wataalamu wamechunguza vinasaba wakasema ukoo wake hasa ni Streptocarpus, kwahiyo hata huyo Mjerumani jina lake wameshaanza kumpokonya kidogo.

Sasa ugonjwa wa kwako. Nina uhakika unalimwagilia juu kama mchicha. Kumbuka nimekwambia lilikuwa linakaa kwenye mwamba kivulini. Halitaki jua kali la moja kwa moja, linataka mwanga tu, na majani yake yakilowa maji ya baridi ndo hayo madoa. Toboa kopo chini, liweke kwenye kisahani chenye maji kama nusu saa linywe lenyewe kwa chini, afu mwaga maji yaliyobaki. Udongo ukiwa bado na unyevu usiongeze. Mizizi yake ikikaa kwenye tope inaoza na hapo hakuna dawa.

Kabla halijafa chukua jani zima moja lenye afya pamoja na kikonyo chake, chomeka kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu, funika na gilasi. Baada ya wiki kadhaa utaona vijani vidogo vinachungulia chini yake. Hivyo ndo walivyolijaza dunia, jani kwa jani. Ila nakuomba, wewe na wote mtakaosoma, msiende kung'oa porini. Yaliyobaki kwenye miamba yake ni machache na misitu yenyewe inapungua, na msitu kama Magamba ni hifadhi, wakikukuta na jembe dogo la maua hutapata wa kumwelezea.

Shangazi mimi nipo darasa la sita. Nimekuta kinyonga kwenye kamba ya nguo ana pembe mbili. Bibi kasema nisimguse ana sumu na ni mkosi. Rafiki yangu anasema tumweke kwenye boksi tuwauzie Wazungu. Nifanye nini?
*Mjukuu wa bibi*

Mwanangu umeandika vizuri kuliko watu wazima wote humu. Bibi mheshimu lakini kinyonga hana sumu. Akikupanulia mdomo na kukuzomea anakuogopa wewe. Na hao wa pembe mbili ni wa hapa hapa kwetu milimani, mwaka 2006 wataalamu waliwatengea jina la jamii yao wakaliita Kinyongia, yaani wamekwenda kwenye vitabu vya sayansi na neno la Kiswahili, mwambie mwalimu wako ashangae.

Kuuza hapana. Wanyamapori si mali yako wala yangu, kuwakamata na kuwauza bila kibali ni kosa, na mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje kwa sababu walikuwa wanabebwa hivi hivi kwenye maboksi. Na kwenye boksi atakufa, anataka majani na matone ya maji ya kulamba. Mchukue na kijiti, usimvute mkia, mweke kwenye mti. Afu kaa umwangalie nusu saa, utaona jicho moja linatazama mbele lingine linakutazama wewe, na nzi akikaa karibu utaona ulimi, ukipepesa tu umekosa. Mi na utu uzima wangu huwa nachelewa kuanua nguo kwa ajili yao.

Shangazi, mume wangu ni fundi cherehani mzuri tu, lakini tangu ajue drafti nimekuwa mjane. Akifunga kazi saa kumi anaenda kijiweni, vizibo vya soda mbele yake, mpaka saa tatu usiku. Ugali unapoa. Nikimuuliza anasema si bora mi nipo kwenye drafti wenzangu wapo baa. Hachezi kamari, nimechunguza. Nitupe ubao mtoni?
*Mke wa bingwa*

Ubao usitupe, ni wa kijiwe, utanunuliwa mwingine kesho na we utaitwa jina mpaka uzeeni. Na lile jibu lake la baa ni jibu la kitoto, mtu hasifiwi kwa mabaya ambayo hajafanya, mwambie nimesema mimi.

Ila nikuulize mama, we jioni hiyo uko wapi? Maana umeandika ugali unapoa, hukuandika kwamba unamtaka mwenyewe. Kama kinachouma ni ugali, pika saa tatu. Kama kinachouma ni kwamba unakaa peke yako masaa matano mazima unasikiliza redio ya jirani, hilo jambo lingine kabisa, na hilo mwambie hivyo hivyo kwa maneno hayo, usimpigie kelele za ugali. Wanaume wa huku ukiwaambia ugali wanasikia ugali. Halafu na wewe tafuta pako. Mi Jumatano na Ijumaa nipo na wenzangu tunafuma vitambaa vya meza kwa kroshia, uzi kila mtu na wake, chai tunapokezana, kikoba tunacheza hapo hapo, na siku hizo mume wangu ndo anayekula ugali wa baridi akinyamaza kimya. Sindano za ziada ninazo.

Na umwombe mpango mmoja tu, siku mbili kwa wiki afunge kazi aje moja kwa moja nyumbani, zingine acheze. Nimeona ndoa nyingi za hapa zikitulia kwa mpango huo na chache tu zikigoma, na zilizogoma tatizo halikuwa drafti.

Mwalimu wa Temeke, umesoma mpaka hapa? Kijiwe kinachosemwa unakijua, unakipita kila siku ukitoka shule umeinamisha kichwa kwenye simu. Kuna fundi pale mwenye futi shingoni, ndo bingwa. Siku mbili kwa wiki kuanzia sasa nafasi yake kwenye benchi itakuwa wazi.

Na fundi mwenyewe kama unasoma gazeti la mkeo, ugali upo mezani, umefunikwa.